Waliomkatalia Aristarchus hawakuwa wajinga

Kuna hadithi ya Wagiriki wa kale inayozunguka sana mitandaoni, na kila baada ya muda mtu hunitumia WhatsApp kana kwamba ni habari ya jana. Inasema hivi: katika karne ya 3 KK, Mgiriki aitwaye Aristarchus, mzaliwa wa kisiwa cha Samos, aligundua kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Wenzake wakamcheka, wenye dini wakamtisha, ukweli ukazikwa, na binadamu wakalala usingizi wa pono hadi mtaalamu wa nyota Copernicus alipokuja kuwaamsha mwaka 1543. Chini ya video hapakosi maoni ya watu wanaosikitika jinsi wenye akili wanavyonyimwa nafasi.

Mwanzo wa hadithi ni kweli. Aristarchus alisema hivyo. Kinachonikera ni mwisho wake, kwa sababu unawageuza watu kama Hipparchus na Ptolemy, wataalamu wa nyota waliokuja baada yake na kushikilia kwamba dunia imetulia, kuwa wapumbavu, na wale hawakuwa wapumbavu hata chembe. Walikuwa na hoja nzito. Ukimkamata leo mtu aliyemaliza chuo kikuu, ukamzuia kutumia picha za setilaiti na jina la Newton, kisha ukamwambia azijibu, ana kazi. Niliwahi kumbana hivyo rafiki yangu mmoja mhandisi. Akajikuna kichwa, mara tukawa tunazungumzia Simba na Yanga.

Tuanze na walichokubali bila ugomvi, maana hapo ndipo unapoona ni ushahidi wa namna gani uliowaridhisha. Nao ni umbo la dunia. Aristotle, aliyefariki mwaka 322 KK, alikwisha kueleza kwamba mwezi unapopatwa, kivuli cha dunia kinachopita juu yake huwa na ukingo wa mviringo kila mara. Akaongeza kwamba mtu akitoka Ugiriki kwenda Misri huanza kuona upande wa kusini nyota ambazo kwao hazionekani. Safari yenyewe si ndefu kiasi hicho, kwa hiyo hili tufe tunaloishi juu yake haliwezi kuwa kubwa ajabu. Nahodha yeyote aliyevuka bahari hiyo angeweza kuikagua hoja hii kwa macho yake.

Baadaye akaja Eratosthenes, mtu wa Cyrene, katika Libya ya leo, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Aleksandria. Walimpa jina la utani la Beta, yaani namba mbili, kwa kuwa inasemekana kila fani aliyoigusa alikuwa wa pili. Huyu wa pili ndiye aliyeipima dunia. Alijua kwamba mjini Syene, Aswan ya leo, siku ambayo jua limefika kaskazini kabisa, mwezi Juni, adhuhuri vitu havina kivuli. Saa hiyohiyo Aleksandria kivuli kipo, na pembe yake ni sehemu 1 kati ya 50 za duara. Umbali kati ya miji hiyo miwili ulihesabiwa kuwa stadia 5,000, stadia ikiwa ni kipimo cha urefu cha Wagiriki. Zidisha kwa 50, unapata mzingo wa dunia: stadia 250,000.

Sisi wa huku tuna bahati ambayo Mgiriki wa Athens hakuwa nayo: jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka. Dar es Salaam ni siku za mwanzo za Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Mimi hupanda na mpini wa ufagio juu ya zege la ghorofa tunaloishi, nikausimamisha kwa timazi niliyoazima kwa fundi mwashi. Mwezi Machi kivuli hakimaliziki saa sita kamili. Unasubiri mpaka kama saa sita na dakika 35, kwa sababu saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa longitudo 45, unaopita baharini huko mashariki yetu. Kivuli kinafupika, kinakuwa kama doa lililoshikamana na mguu wa mpini, halafu hukioni tena. Adhuhuri ya siku hiyohiyo, fimbo ya mita 1 iliyosimamishwa Nairobi inakuwa na kivuli cha kama sentimita 10. Hiyo ni pembe ya nyuzi 5 na nusu hivi, na umbali wa miji hiyo miwili kwa mstari wa kusini kwenda kaskazini (si wa barabara inayozungukia Arusha) ni kama kilomita 610. Piga hesabu mwenyewe, utaangukia karibu na kilomita 40,000. Vifaa vyote vinapatikana uani.

Ugumu wa kazi ya Eratosthenes haukuwa kwenye pembe. Ulikuwa kwenye ule umbali. Zile stadia 5,000 ni namba ya mviringo mno, na hata leo wataalamu wanabishana stadia yake ilikuwa na mita ngapi. Ptolemy, aliyeandika Aleksandria karne ya 2 BK, alikutana na shida ileile alipotaka kuiweka pwani yetu ya Azania kwenye ramani. Alikuwa na taarifa za mabaharia waliosema wamesafiri siku kadhaa kutoka Rhapta, ule mji wa biashara ambao wanaakiolojia wanautafuta bado, kupanda hadi kwenye rasi ya Somalia. Ptolemy hakuridhika na vipimo vya siku za safari, kwa kuwa upepo haupulizi sawasawa kila siku. Anayejua kusi na kaskazi hahitaji kuelezwa zaidi.

Basi watu hawa walizoea hoja ambayo unaweza kuishika. Sasa mwangalie Aristarchus.

Kitabu chake kimoja tu ndicho kilichotufikia, kinachohusu ukubwa na umbali wa jua na mwezi, na ndani yake hakuna neno hata moja kuhusu dunia kulizunguka jua. Kuna kitu kingine, na kwangu mimi ni kizuri kuliko hata hilo. Toka nje alasiri ya siku ya saba hivi tangu mwezi uandame. Utauona mwezi juu angani, nusu yake inang'aa, na jua likishuka magharibi. Mstari unaotenganisha mwanga na giza usoni mwa mwezi ukiwa umenyooka kabisa, ujue kwamba mwanga wa jua unaupiga mwezi kwa ubavu, kwa jinsi unavyoutazama wewe. Maana yake ni kwamba wewe, mwezi na jua mmechora pembetatu, na pembe iliyoko mwezini ni mraba, nyuzi 90. Bado pembe moja tu ya kupima, ile iliyoko kwako, kati ya mwezi na jua. Ukiipata, jiometri inakupa uwiano wa umbali wa jua na wa mwezi bila wewe kuondoka uani.

Aristarchus aliandika kwamba pembe hiyo inapungukiwa na robo ya duara kwa sehemu 1 kati ya 30 za robo hiyo, yaani ni nyuzi 87. Hesabu ikampa kwamba jua liko mbali kuliko mwezi kwa zaidi ya mara 18 na pungufu ya mara 20. Ukweli ni karibu mara 400. Pembe halisi inakaribia nyuzi 89 na dakika 51, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoharibu jibu. Usimcheke lakini. Mwezi husogea angani, ukilinganisha na jua, kama nusu nyuzi kwa saa. Kosa lake zima ni sawa na kukosea kwa saa tano na nusu hivi ule wakati ambao mwezi unakuwa nusu kamili. Jaribu kuutazama mwezi wa nusu uniambie ni saa ngapi hasa mstari ule ulinyooka. Hutaweza, na wala yeye hakuwa na darubini.

Hata kwa kosa hilo alipata jambo ambalo hakuna aliyekuwa nalo kabla yake. Kwa kuwa jua na mwezi vinaonekana kwa upana uleule angani, kilicho mbali mara 19 ni kipana mara 19. Akaunganisha na upana wa kivuli cha dunia wakati wa kupatwa kwa mwezi, akapata kwamba kipenyo cha jua ni kati ya mara 6 na theluthi moja na mara 7 na sehemu ya sita ya kipenyo cha dunia. Kwa ujazo, ni dunia zaidi ya 250 ndani ya jua moja. (Kweli yenyewe ni zaidi ya milioni 1, lakini tumuache.) Wanahistoria wengi wanadhani hapa ndipo wazo lake lilipozaliwa: kwa nini kitu kikubwa namna ile kikizunguke kidogo hiki? Ni dhana yao tu, kwa sababu mwenyewe hakutuachia maelezo.

Tunalijua wazo hilo kwa sababu Archimedes wa Syracuse alilitaja. Archimedes alikuwa akimwandikia Mfalme Gelon kijitabu cha kuonyesha kwamba hata ukiujaza ulimwengu wote mchanga, idadi ya punje bado ina jina na inaandikika. Alitafuta ulimwengu mkubwa kupita wote waliowahi kufikiriwa ili aujaze, na huo akaukuta kwa Aristarchus: jua limetulia, nyota zimetulia, dunia inazunguka, na tufe la nyota ni kubwa kiasi kwamba njia nzima ya dunia ukiilinganisha nalo ni kama kitovu cha tufe mbele ya uso wake. Archimedes, mtu wa hesabu hasa, akalalamika kidogo kwamba kitovu hakina ukubwa wowote, kwa hiyo ulinganisho huo hauna maana. Kisha akaurekebisha kwa namna yake na kuendelea na mchanga wake.

Kwa nini Aristarchus alihitaji nyota ziwe mbali kiasi hicho? Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi. Ukiwa kwenye basi la kwenda Moshi, ukapita Korogwe, mikonge ya kando ya barabara inakimbia kurudi nyuma, nyumba za mbali kidogo zinasogea polepole, na milima ya Usambara kama haisogei kabisa. Kama dunia inazunguka jua, sisi sote tumo kwenye basi hilo. Kila baada ya miezi sita tunakuwa upande wa pili wa jua, na nyota za karibu zingepaswa kuhama kidogo mbele ya zile za mbali. Wagiriki walizitazama. Hipparchus, aliyefanya kazi kisiwani Rhodes karne ya 2 KK, aliorodhesha mahali pa mamia ya nyota, akalinganisha na vipimo vya waliomtangulia, akagundua hata ule mwendo wa taratibu mno wa anga nzima unaochukua karne kuonekana. Mtu mwenye jicho kama hilo hakuona nyota hata moja ikihama kwa majira ya mwaka.

Zimebaki njia mbili. Ama dunia haisogei, ama nyota ziko mbali kupita akili na kati yetu nazo kuna utupu usio na kazi yoyote. Aristarchus alichagua ya pili. Nasema hivi nikiwa namheshimu sana: kwa wakati ule hilo halikuwa jibu, lilikuwa mlango wa kutokea. Ukiulizwa kwa nini ushahidi wako hauonekani, ukajibu kwamba ni kwa sababu uko mbali mno kuonekana, mwenzako ana haki ya kuguna. Ikatokea kwamba ndiyo kweli. Lakini kusema kweli na kuwa na hoja inayomlazimu mwenzio akubali ni vitu viwili.

Kulikuwa pia na jiwe. Rusha jiwe juu moja kwa moja, linarudi palepale. Kama ardhi inazunguka, ilikuwa wapi wakati jiwe liko hewani? Ptolemy aliliendeleza swali hili kwa mawingu na ndege: vingepaswa kuachwa nyuma, vikikimbilia magharibi siku zote. Kwa dunia ya Eratosthenes mtu aliyesimama ikweta angekuwa anakwenda stadia zaidi ya 10,000 kwa saa. Kwa vipimo vyetu ni kama kilomita 1,670. Na yeye hasikii chochote, hata kofia haimtoki. Ptolemy alikiri kabisa kwamba ukitazama nyota peke yake, dunia inayozunguka ingerahisisha mambo. Alichokataa ni kile kinachotokea huku chini. Fizikia aliyokuwa nayo ni ya Aristotle, ambamo vitu vizito huanguka kwa kuwa vinatafuta kitovu cha ulimwengu. Ukiihamisha dunia kutoka kwenye kitovu hicho, huna tena maelezo ya kwa nini embe linaanguka. Jibu lilihitaji kanuni mpya kabisa za mwendo, na hizo zilikuja karne ya 17.

Zaidi ya hayo, mfumo wa Aristarchus, kwa kadiri tunavyoujua, haukukuambia Zuhura au Mshtarii atakuwa wapi mwezi ujao. Hipparchus alijua kwamba majira hayalingani: tangu usiku na mchana vinapokuwa sawa mwezi Machi hadi jua lifike kaskazini kabisa ni siku 94 na nusu, na kutoka hapo hadi vilingane tena ni siku 92 na nusu. Duara rahisi lenye jua katikati haliwezi kukupa tofauti hiyo. Yeye alilihamisha duara la jua kidogo, dunia isiwe katikati yake kabisa, akapata namba. Tena alikuwa na hazina ya kumbukumbu za kupatwa kwa mwezi zilizoandikwa Babeli, ambako watu walikuwa wakitazama anga kizazi baada ya kizazi Wagiriki walipokuwa bado hawajaanza. Ptolemy alisema kumbukumbu zilizomfikia zinaanzia utawala wa Nabonassar, mwaka 747 KK. Sifa nyingi tunazowamwagia Wagiriki zinawahusu makarani wa Babeli ambao majina yao hayatajwi kwenye video za WhatsApp.

Na yale mateso ya kidini? Plutarch, mwandishi Mgiriki aliyeishi karne tatu baadaye, anasimulia katika mazungumzo kuhusu uso wa mwezi kwamba mwanafalsafa Cleanthes aliona Aristarchus astahili kushtakiwa kwa kuyasogeza meko ya ulimwengu, yaani dunia. Mle ndani msemaji analitaja kwa mzaha. Hakuna kesi inayojulikana. Cleanthes aliandika kitabu cha kumpinga, na kuandika kitabu si kumfunga mtu. Aliyeshtakiwa kweli ni Anaxagoras, karibu karne mbili kabla, huko Athens, kwa kusema jua ni donge la moto kubwa kuliko Peloponnese, ile rasi ya kusini mwa Ugiriki. Akaishia Lampsacus, mbali na Athens. Watu wanachanganya hadithi hizi mbili kwa sababu ya pili ni tamu.

Anayejulikana kumuunga mkono Aristarchus kwa nguvu ni mmoja tu, Seleucus wa Seleucia, mji wa kando ya mto Tigris, karne ya 2 KK. Plutarch anasema kile ambacho Aristarchus alikiweka kama dhana, Seleucus alikitangaza kuwa ni hakika. Hoja zake zimepotea. Tunachojua ni kwamba alishughulika sana na maji kujaa na kupwa, na kwamba alizijua habari za bahari ya kusini. Ninamuelewa. Bahari ya Mediterania haina maji ya kutisha, mtu anaweza kuishi kandokando yake maisha yote asijiulize. Bahari ya Hindi ni habari nyingine: wakati wa bamvua maji ya pwani yetu yanapanda zaidi ya mita 3, wakati wa maji mafu yanajikongoja, na mvuvi yeyote atakuambia hesabu yake inakwenda na mwezi. Mtu aliyetazama bahari ya namna hiyo ana sababu ya kufikiri kwamba mambo ya juu yanagusana na ya chini.

Kilichofuata nakipita haraka. Kitabu kikuu cha Ptolemy kilitafsiriwa Baghdad karne ya 9, kikaitwa al-Majisti, na wanazuoni wa Kiislamu wakakifanyia kile ambacho Ptolemy alimfanyia Hipparchus: wakakipima, wakakikosoa, wakakisahihisha. Copernicus alipoandika chake, alimtaja Aristarchus kwenye mswada, kisha sehemu hiyo akaikata, haikuchapishwa. Hata yeye mwaka 1543 hakuwa na nyota iliyohama wala jibu kamili la jiwe. Tycho Brahe, mpimaji bora kuliko wote kabla ya darubini, alizitafuta nyota zinazohama, akazikosa, akamkatalia Copernicus kwa hoja ileile iliyomshinda Aristarchus.

Nyota ilikuja kuonekana ikihama mwaka 1838. Friedrich Bessel, Mjerumani, alitangaza kwamba nyota iitwayo 61 Cygni inasogea kwa sekunde 0.31 za pembe, nyuzi 1 ikiwa na sekunde 3,600. Hata ukihesabu mwendo wake wote kutoka upande mmoja wa mwaka hadi wa pili, jicho la mtu lingehitaji kuwa kali mara 100 hivi kuliko lilivyo ili liuone. Hipparchus hakuwa na namna.

Bessel angeweza kutanguliwa. Mskoti Thomas Henderson alikuwa ameipima Alpha Centauri miaka ya 1832 na 1833 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, kwa kuwa huko Uskoti nyota hiyo haichomozi. Kwetu inaonekana vizuri. Ni ile inayong'aa sana karibu na Msalaba wa Kusini. Alikawia, akachapisha mwaka 1839, na sifa ikawa imekwisha kwenda kwa mwingine. Nyota yake ndiyo jirani yetu wa karibu miongoni mwa zile zinazoonekana kwa macho, na umbali wake ni zaidi ya mara 270,000 ya umbali wa dunia na jua. Archimedes, alipourekebisha ulimwengu wa Aristarchus ili aujaze mchanga, alikadiria kwamba tufe la nyota haliwezi kufika hata mara 10,000 ya ule umbali wa hadi kwenye jua. Akahesabu punje, akasema hazizidi 1 yenye sufuri 63 nyuma yake. Mchanga wake haukufika nusu ya njia hata kwa nyota iliyo karibu.